Je, Saa Haidanganyi?

Kuna neno ambalo watu wengi hulisema bila kulipima: "Saa haidanganyi." Nami nililisema, tena mbele ya darasa zima, na kwa neno hilo nikamwadhibu mtoto asiye na kosa. Leo nataka tulifikiri neno hilo pamoja. Tutaanza na saa moja iliyotundikwa ukutani, kisha tutazitazama saa za kale za umeme ambazo watu wengine huzikusanya na kuzitunza, na mwisho tutajitazama sisi wenyewe.

Shule yetu ilikuwa na saa kuukuu ya umeme, yenye uso mweupe na mishale myeusi. Umeme wake ulitoka kwa mtambo mdogo unaozungushwa na maji ya mto. Mtambo uo huo uliwasha taa na kuendesha kinu cha kusagia mahindi. Siku moja kinu kikaharibika. Jioni ile, kengele ya misioni ilipolia saa kumi na mbili, niliirekebisha saa ya shule ilingane na kengele, kama ilivyokuwa desturi yangu. Kesho yake asubuhi, ilipoonyesha saa moja na nusu, niliwaita watoto darasani. Wale wa karibu walikuwa wamekwisha kufika, maana wapenda kucheza kabla ya masomo. Alikosekana mmoja tu, kijana atokaye ng'ambo ya mto, ambaye hutembea zaidi ya saa nzima kila asubuhi. Alifika dakika kumi baadaye, miguu yake imelowa umande.

Akasema: "Mwalimu, unisamehe. Niliondoka jogoo alipowika mara ya pili, kama siku zote."

Nikamjibu kwa ukali: "Jogoo hudanganya. Saa haidanganyi." Nikamtoa nje alime majani ya uwanja hadi adhuhuri.

Adhuhuri kengele ya misioni ikalia. Nilipoitazama saa ya shule, ilikuwa imekwisha kupita saa sita kwa dakika zaidi ya ishirini. Kwanza nilimlaumu mpiga kengele moyoni mwangu. Kisha nikatoka nje, nikakiona kivuli changu kifupi kabisa miguuni pangu. Kengele ilikuwa sawa. Ndipo nilipohesabu na kutambua kwamba yule kijana, aliyekuwa bado ameinama na jembe lake, alikuwa amefika kabla ya wakati.

Nikaichukua ile saa, nikaipeleka mjini kwa mzee mmoja, fundi wa umeme aliyestaafu, anayekusanya saa za kale za umeme. Kuta za nyumba yake zimejaa saa: za ofisi, za vituo vya reli, za madarasa, za jikoni. Nyingine zatembea, nyingine zimesimama. Aliifungua saa yangu, akaitazama kwa kitambo, akacheka.

"Mwalimu," akasema, "saa hii ni nzima. Yenyewe haipimi wakati. Yahesabu tu mizunguko ya mtambo wenu. Mgonjwa ni mtambo, si saa."

Maneno hayo yalinifungulia mlango. Nilirudi kwake mara nyingi, na mafundisho aliyonipa nayapanga hapa katika maswali matatu.

SWALI LA KWANZA: Saa ya umeme yaupata wapi wakati wake?

Jibu: Zipo jamaa tatu za saa hizo, na kila jamaa yaupata kwa njia yake.

Jamaa ya kwanza zaupima wakati zenyewe. Mtu wa kwanza kupewa hati ya uvumbuzi wa saa ya umeme alikuwa Alexander Bain, mwana wa mkulima mdogo wa Caithness, kaskazini mwa Uskoti. Alipewa hati hiyo mwaka 1841. Katika saa yake kulikuwa na fimbo yenye uzito, iliyoyumba huku na huku, nayo sumaku ya umeme iliisukuma isichoke. Bain alijua hata kuutoa umeme ardhini: alizika bamba la zinki na bamba la shaba katika udongo wenye unyevu, na umeme mdogo uliozaliwa kati yake ukatosha kuiendesha saa. Baadaye Matthäus Hipp, Mjerumani aliyefanya kazi Uswisi, alitengeneza fimbo isiyosukumwa ovyo. Fimbo yake ikiwa na nguvu, huachwa iyumbe peke yake. Ikianza kulegea, ndipo yenyewe hufunga njia ya umeme na kupata msukumo mmoja. Hupokea kadiri ya haja yake, wala haizidishi.

Jamaa ya pili ni saa mama na watoto wake. Saa moja iliyo hodari huwekwa mahali pa utulivu, na kila dakika hutuma umeme kwa waya mpaka saa nyingine zote za jengo au za kituo. Saa watoto hazijui kuhesabu; zikipata ishara, mshale wasogea hatua moja. Vituo vya reli vya Uswisi vina saa maarufu ya namna hii, ambayo umbo lake lilichorwa na Hans Hilfiker mwaka 1944. Mshale wake mwekundu wa sekunde huzunguka uso wote kwa sekunde 58 na nusu hivi, kisha husimama juu kabisa na kungoja. Ishara ya saa mama ikifika, waanza tena. Kila dakika mshale huo huwahi kidogo, na kila dakika wakubali kungoja.

Jamaa ya tatu ndiyo ya saa ya shule yetu. Umeme wa mtambo hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji, bali huenda na kurudi. Katika Kongo na Ulaya hufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Katika Marekani ni mara 60. Mmarekani Henry Warren, mtu wa Ashland katika jimbo la Massachusetts, alitengeneza mota ndogo inayozunguka sawasawa na mwendo huo, akaiunga na mishale ya saa. Lakini mitambo ya siku zile haikuwa na mwendo wa kuaminika. Kwa hiyo mwaka 1916 aliweka katika nyumba ya mitambo ya umeme mjini Boston saa yenye mishale miwili: mmoja uliongozwa na fimbo iyumbayo, wa pili na umeme wa mtambo. Wasimamizi walipoona mishale yaachana, walipunguza au kuongeza mwendo wa mtambo mpaka ikakutana tena. Tangu hapo, saa ya jikoni mwa mtu yeyote mjini iliweza kuwa sahihi, kwa sababu mtu asiyemwona alikuwa akikesha mbele ya mishale miwili.

Sasa mwaona jinsi saa yetu ilivyotupoteza. Kinu kilipoharibika, mtambo wetu ulipungukiwa kazi, ukazunguka upesi. Tuseme umeme ulikwenda mara 51 kwa sekunde badala ya 50. Tofauti hiyo ni ndogo, hata taa haikuonyesha neno lolote. Lakini kwa saa moja saa yetu ilitangulia kwa sekunde 72. Toka saa kumi na mbili jioni mpaka saa moja na nusu asubuhi ni saa 13 na nusu: ikawa dakika 16 na zaidi. Kosa dogo lisilosahihishwa halibaki dogo. Vilevile saa ya Marekani iliyofanywa kwa mara 60, ikiunganishwa na umeme wetu wa mara 50, huonyesha kwamba zimepita dakika 50, kumbe imepita saa nzima. Haina ubaya wowote ndani yake, ila imewekwa chini ya kipimo kisicho chake.

Tena msidhani jambo hili hupata mitambo midogo ya vijijini tu. Nchi nyingi za Ulaya, toka Ureno mpaka Uturuki, zimeungana kwa nyaya, nazo mitambo yao yote huzunguka kwa mwendo mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 2018, ugomvi kati ya Serbia na Kosovo ulisababisha umeme kutumiwa bila kurudishwa kiasi kilichopasa. Upungufu ulifikia saa za kilowati milioni 113. Mitambo ikalemewa, mwendo ukapungua kidogo sana, na kufikia mwezi wa Machi saa nyingi za umeme katika nchi 25 zilikuwa zimechelewa karibu dakika sita. Mtu wa mbali, asiyejua habari za ugomvi ule, aliamka, akaitazama saa ya jiko lake, akachelewa kazini. Mwenye kutumia cha wenzake asirudishe asiseme: "Nani ameumia?" Walioumia wapo, ila hawajui jina lake.

SWALI LA PILI: Ipi ni afadhali, saa inayosimama au saa inayoendelea na kosa?

Jibu: Ni afadhali inayosimama, na iliyo bora zaidi ni ile inayoendelea huku ikionyesha kwamba ilikatizwa.

Mzee alinionyesha jambo hili kwa saa tatu za rafu yake. Ya kwanza ni ya namna ambayo haiwezi kuanza yenyewe. Mtu huzungusha kifundo kidogo nyuma yake, ndipo mota ishike mwendo. Umeme ukikatika husimama, na hata umeme ukirudi yabaki imesimama mpaka aje mtu. Watu wengi waliichukia kwa sababu hiyo, nao wakataka saa zinazoanza zenyewe.

Ya pili yaanza yenyewe. Umeme ukikatika usiku kwa nusu saa, husimama. Ukirudi, yaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi mishale yatembea vizuri, hata sauti ni ile ile, lakini imechelewa nusu saa wala hakuna ajuaye. Mzee akasema: "Ile ya kwanza ilikuwa na aibu njema. Hii haina haya."

Ya tatu ni kazi ya Warren. Nayo yaanza yenyewe, lakini usoni ina kitundu kidogo. Umeme ukikatika, alama nyekundu hutokea kitunduni na kubaki hapo hata umeme ukirudi, mpaka mwenye saa aje, aulize wakati ulio sahihi, airekebishe, ndipo aiondoe ile alama kwa mkono wake. Saa hiyo haijui imechelewa kiasi gani, wala haiwezi kujisahihisha. Yaweza neno moja tu, nalo ni kusema: "Nilikatizwa, usiniamini mpaka uniangalie."

Niliitazama alama ile kwa muda mrefu, nikamkumbuka kijana wa ng'ambo ya mto.

SWALI LA TATU: Je, yafaa mtu kukusanya saa ambazo hazihitaji?

Watu wengine husema haifai. Hoja yao ni hii: mtu huhitaji saa moja tu, mwenye saa thelathini amejaza nyumba vitu, na fedha yake ingewafaa wengine. Tena, wasema, saa ndogo ya kisasa ya bei rahisi hupita zile za kale kwa usahihi.

Hoja hii haifai kudharauliwa. Mwenye kukusanya ili ahesabiwe kuwa tajiri, au ili mwenzake akose, amefungwa na vitu vyake. Naye mwenye kuwanyima watoto wake karo ili anunue saa ya kale amekosa, hata kama saa hiyo ni nzuri namna gani. Lakini tutofautishe. Watu huhifadhi jembe la babu, si kwa sababu lalima vizuri kuliko majembe mapya, bali kwa kuwa lakumbusha ni nani aliyelifungua shamba lile. Huko La Chaux-de-Fonds katika Uswisi kuna jumba kubwa la makumbusho ya saa, na huko Columbia katika jimbo la Pennsylvania kuna jingine, la chama cha wakusanyaji kilichoanzishwa mwaka 1943. Saa za umeme zina haki ya pekee kutunzwa, maana watu huzitupa upesi. Saa ya dhahabu hupata mrithi. Ya jikoni hutupwa jalalani.

Basi jibu langu ni hili: Yafaa kukusanya, ikiwa mkusanyaji ahifadhi pamoja na kitu ukweli wa kitu hicho. Hapo ndipo majaribu yake yalipo.

Jaribu la kwanza ni hili. Saa ya kale huja na waya ambao mpira wake umekauka na kupasuka, na mota ambayo mafuta yake yameganda. Kuitengeneza ni kazi ya siku nyingi, tena ya hatari, maana waya mbovu waweza kumwua mtu au kuteketeza nyumba. Njia ya mkato ipo: kuitoa mota ya zamani, kutia ndani mashine ndogo ya kisasa ya betri, na kuuza saa kama ya kale. Kwa nje hakuna atakayetambua. Nilimwuliza Mzee: "Je, kubadili ndani ni dhambi?" Akanijibu: "Kubadili si kosa, Mwalimu. Kosa ni kunyamaza." Kisha akaufungua mfuniko wa saa moja. Ndani alikuwa amebandika karatasi yenye mwandiko wake: waya mpya, tarehe, kioo kipya, tarehe, mota ni ile ya kwanza. Kila saa yake ina karatasi yake. Nikaona kwamba nazo ni alama nyekundu, ila zimeandikwa kwa mkono wa mtu.

Jaribu la pili latuhusu sisi watu wa Kongo kwa namna ya pekee. Saa nyingi za zamani, na baadhi ya zile za umeme pia, zilipakwa rangi iliyong'aa gizani. Ndani ya rangi hiyo mlikuwa na radiamu. Madini ya Shinkolobwe katika Katanga, yaliyogunduliwa mwaka 1915, yalipelekwa Ubelgiji, na katika miaka ya 1920 yakawa chimbuko kubwa la radiamu duniani. Radiamu yote haikutoka kwetu, lakini sehemu kubwa ilitoka katika ardhi yetu na mikononi mwa wachimbaji wetu. Huko New Jersey katika Marekani, wasichana waliopaka nyuso za saa walifundishwa kuchonga ncha ya brashi kwa midomo yao. Waliambiwa kwamba rangi haina madhara. Wengi wakaugua mifupa ya taya, wengine wakafa. Watano kati yao waliwashtaki mabwana wao, nao wakalipwa mwaka 1928, lakini uhai hauna malipo.

Leo saa hizo haziangazi tena, maana unga uliong'aa umechoka. Lakini radiamu yenyewe ingalimo. Baada ya miaka ipatayo 1600 ndipo hupungua ikawa nusu. Nuru imekufa, sumu yaishi. Mkusanyaji mwaminifu haikwangui rangi hiyo, haifungui saa hiyo ovyo, wala haiuzi bila kumwambia mnunuzi. Akinyamaza, arudia uongo ule ule waliodanganywa nao wale wasichana.

MWISHO WA MAMBO HAYA

Wakatekumeni wapenzi, sasa turudi kwenye neno letu. Je, saa haidanganyi? Saa haina moyo, kwa hiyo haiwezi kuwa na kosa. Aliyedanganya ni mimi. Niliona saa moja ikisema neno moja, na mtoto akisema neno jingine. Sikuuliza, kwa kuwa saa ilikuwa upande wangu na mtoto alikuwa mdogo. Nilichokiita ukweli kilikuwa nguvu yangu tu.

Dhamiri ya mtu nayo haikujifanyia ukweli, huupokea. Yaweza kukatizwa na hasira, na usingizi, na sifa za watu. Baadaye mtu huendelea na mwendo wake, sauti yake ile ile, mishale yake yatembea vizuri, naye amekwisha kupotea. Hakuna mtu asiyekatizwa kamwe. Tofauti kati yetu ni kwamba mmoja yuko tayari kuonyesha alama nyekundu, na mwingine aificha.

Nilipotoka mjini nilikaa siku mbili bila kusema neno. Nilijiambia kwamba mwalimu akimwomba mtoto radhi, heshima yake huanguka. Siku ya tatu nilisimama mbele ya darasa, nikawaeleza watoto habari za mtambo na saa, nikasema: "Siku ile mwenzenu alifika mapema. Mimi ndiye niliyekosa." Nikamgeukia: "Mwanangu, unisamehe." Darasa likanyamaza kimya. Yule kijana akasimama kwa adabu, akatazama chini, akasema: "Ndiyo, Mwalimu." Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Na jogoo, Mwalimu?"

Nikajibu: "Jogoo naye alisema kweli."

Saa ile ingali ukutani. Chini yake nimebandika karatasi: "Ilinganisheni na kengele." Na mara nyingi anayekuja kuniambia kwamba saa imetangulia ni yeye.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:

1. Ukweli ninaousema naupokea wapi, na ni lini nilipoulinganisha mara ya mwisho?

2. Nimechukua nini cha mwenzangu bila kurudisha, na ni nani anayechelewa kwa sababu yangu?

3. Nikikosa mbele ya aliye mdogo kuliko mimi, je, naonyesha alama nyekundu, au naendelea kana kwamba hakuna lililotokea?